Kwenye majaribio 514, kwenye mtihani wenyewe 503

BARUA

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Mwanza. Naishi Texas na mama na mdogo wangu wa kiume. Tulihamia huku nikiwa kidato cha pili, na sasa sote tuna makaratasi. Mwaka jana nilimaliza digrii ya biolojia kwa GPA ya 3.7. Tangu hapo nabeba boksi usiku kwenye nyumba ya wazee: kugeuza wagonjwa, kubadilisha nepi, kupima presha, kujaza chati. Mama anafanya kazi hiyo hiyo kituo kingine, mwaka wa kumi sasa, na magoti yake yamekwisha.

Mwezi wa tano nilifanya MCAT. Kwa wasomaji walio nyumbani, huo ndio mtihani ambao vyuo vya udaktari huku vinautaka kabla hujaomba nafasi. Una sehemu nne na maswali 230, na ukijumlisha mapumziko unakaa pale saa saba na nusu. Kila sehemu alama ni kuanzia 118 hadi 132, jumla 472 hadi 528.

Nilianza kujiandaa Novemba. Nilifanya mitihani ya majaribio ya AAMC, yaani ya wenye mtihani wao. Wa kwanza nilipata 509: kemia na fizikia 127, usomaji 126, biolojia 128, saikolojia na sosholojia 128. Uliofuata nikapata 512, ingawa huo niliugawa siku mbili kwa sababu ya zamu. Wa mwisho nikapata 514. Huo nilikuwa nimeshaufanya nusu mwezi wa pili, baadhi ya maswali niliyakumbuka, lakini si mengi. Nilikuwa naanza saa kumi jioni nikishaamka, pale mezani jikoni. Mama akiniita nasimamisha saa, nikirudi naendelea. Nikaona njia nyeupe.

Vituo vya karibu vilikuwa vimejaa, kwa hiyo nilipata nafasi mji mwingine, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Usiku wa kuamkia mtihani niliomba ruhusa kazini, nikapanda kitandani mapema, nikagaagaa mpaka saa tisa usiku, nikaondoka. Saa mbili asubuhi niko kwenye kiti, nimeshageuzwa mifuko, nimeskaniwa kiganja, nimepewa kijitabu cha kufutika na kalamu yake. Kemia na fizikia ilikwenda. Kisha usomaji, ile wanayoiita CARS: vifungu tisa, dakika tisini, na huhitaji kujua chochote zaidi ya kilichoandikwa mbele yako. Kifungu cha tatu kikanigomea. Nilikisoma, nikarudia, nikarudia tena. Kiingereza kikawa kizito kama mwaka ule tulipofika. Kutazama saa kwenye kona ya skrini, nimekaa nacho zaidi ya robo saa! Vifungu viwili vya mwisho nilibahatisha tu. Baada ya hapo nilikula ndizi, nikarudi, nikamaliza siku.

Matokeo yalitoka mwezi uliofuata nikiwa zamu. Niliyafungua chooni. 503: 126, 122, 127, 128.

Anti, nimelia, nimenyamaza, nimelia tena. Swali linalonizungusha ni hili: mimi ni yupi, wa 514 au wa 503? Kama ni wa 503, basi miezi yote ile nilikuwa najidanganya, na nimewadanganya watu. Mjomba wangu alinilipia kozi ya maandalizi, zaidi ya dola elfu mbili. Mama kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ananiita Dokta, na wakina mama wa kanisani wameshamzoea kumwita Mama Dokta. Kila asubuhi nikirudi kazini ananiuliza, "Bado tu?" Namjibu bado. Ana presha. Naogopa nikimwambia atalala hospitali.

Dirisha la maombi limeshafunguliwa. Naweza kuomba sasa hivi na 503 yangu. Naweza kurudia Agosti au Septemba. Naweza kungoja mwaka mzima. Kuna wakala wa chuo kimoja cha visiwa vya Karibi ananipigia karibu kila siku, anasema kwa alama zangu naanza Januari, nilipe tu amana. Na rafiki wa mama amewahi kusema, kwa nia njema, kwamba watoto wetu wanajitesa bure, unesi unalipa.

Nisaidie kufikiri. Mimi kichwa kimejaa.

Aliyekwama, Texas


JIBU

Marahaba mwanangu,

Nianze na kosa dogo ambalo nimelirekebisha kimyakimya: nimekata mistari michache pale ulipoeleza kile kifungu cha tatu kilihusu nini. Siku ile uliahidi kutotoa nje yaliyomo kwenye mtihani, na wenye mtihani hawana mchezo na ahadi hiyo. Usiyaandike hata kwenye makundi ya wanafunzi wenzako.

Sasa tuje kwako. Umefanya mtihani, umepata pointi kumi na moja chini ya ulichokizoea, na tangu siku hiyo unabeba siri ndani ya nyumba ya vyumba viwili vitatu ambayo unakaa na mtu anayekuuliza kila asubuhi. Unaniuliza uchague njia ipi. Lakini swali uliloliandika kwa uchungu zaidi si la njia, ni lile la wewe ni yupi. Ningependa tuanze hapo, kwa sababu naona hesabu yako haiko sawa.

Wewe unapima kutoka 514. Lakini barua yako mwenyewe inasema 514 ulikuwa mtihani uliokwisha kuuona, na 512 uliugawa siku mbili. Sikulaumu. Mtu anayefanya kazi usiku anasoma anapopata upenyo. Ila zile si alama za siku moja ya saa saba na nusu. Ukiniuliza mimi, iliyo karibu zaidi na ukweli ni ile ya kwanza, 509, na hata hiyo ilikuwa na saa inayosimama mama akiita. Basi pengo si kumi na moja, ni kama sita. Na wenye mtihani wenyewe wanaandika kwenye ripoti kwamba jumla inaweza kuchezacheza pointi mbili juu au chini, na kila sehemu pointi moja. Kwa hiyo 503 yako ni mtu wa kati ya 501 na 505, na 509 ni mtu wa kati ya 507 na 511. Bado hawajakutana, sikudanganyi, lakini wanaonana kwa macho.

Halafu zipange alama zako sehemu kwa sehemu, ile 509 na hii 503. Kemia na fizikia, 127 na 126. Biolojia, 128 na 127. Saikolojia, 128 na 128. Usomaji, 126 na 122. Unaona? Katika pointi sita zilizopotea, nne zimepotelea kwenye dakika tisini zile, na nyingine mbili ni mchezo wa kawaida wa kipimo. Barua yako inasimulia mtu aliyeporomoka. Karatasi inaonyesha mtu aliyeshika sehemu tatu, akakwama kifungu kimoja na kukosa muda wa vingine viwili. Tena baada ya kukwama huko ulikula ndizi ukarudi ukapata 127 na 128. Hilo hukulitaja kabisa, na mimi ndilo lililonivutia zaidi kwenye barua nzima.

Nina swali la pili, la usingizi. Miezi mingapi mwili wako umezoea kulala asubuhi? Majaribio ulikuwa unayaanza saa kumi jioni, ambayo kwa mtu wa zamu za usiku ndiyo asubuhi yake. Mtihani ukaanza saa mbili asubuhi, wakati ambao siku nyingine ungekuwa unavuta shuka, baada ya usiku wa kugaagaa na saa mbili na nusu za usukani. Ruhusa ya usiku mmoja hairudishi mwili kwenye saa za watu wa mchana. Siwezi kusema hiyo ndiyo sababu, sikuwa ndani ya kichwa chako. Lakini wewe umeandika kwamba Kiingereza kilikuwa kizito kama mwaka mliofika, na mimi ninayeishi kwa lugha mbili najua lugha ya pili ndiyo ya kwanza kuchoka. Kemia ina fomula, hata ukisinzia unaikumbuka. Kifungu kigeni cha falsafa au sanaa hakina pa kushika. Na muda wa ziada kwenye mtihani huu ni wa wenye ulemavu au hali ya kiafya iliyothibitishwa, hautolewi kwa sababu Kiingereza si lugha yako ya kwanza. Kwa hiyo ukirudia, kasi ya kusoma utaitafuta mwenyewe, na pia ujasiri wa kuacha swali la kifungu kinachogoma, kuliwekea alama na kusonga.

Sasa njia zako. Sitakuchagulia.

Kuomba sasa na 503 si wazimu. Uko juu ya nusu ya waliofanya mtihani. Vyuo vya MD, yaani vya udaktari wa kawaida, kwa miaka hii ya karibuni, wanaoanza wana wastani wa kama 511 hadi 512, kwa hiyo huko mlango ni mwembamba, na ile 122 itaonekana peke yake kabla hata ya jumla. Vyuo vya DO, vya osteopathia, yaani tawi la pili la udaktari huku Marekani, wastani wao unazunguka 504. Kama kuna mtu amekunong'oneza kwamba DO ni daktari nusu, si kweli. Wanatibu, wanapasua, wanaandika dawa, na tangu 2020 mafunzo yao ya utaalamu yako chini ya mfumo mmoja na ya MD. Una bahati nyingine ambayo hukuitaja: wewe ni mkazi wa Texas. Vyuo vya udaktari vya umma huko vinabanwa na sheria kutochukua zaidi ya asilimia 10 kutoka nje ya jimbo. Nafasi zinazobaki mnagombea nyinyi wenyewe kwa wenyewe. Maombi ya vyuo hivyo yana mfumo wao, TMDSAS, ambako ada ni moja tu hata ukiomba vyote, na chuo cha osteopathia cha Fort Worth kimo humo humo. Hatari ya njia hii ni kwamba ukikataliwa kote, mwakani utaulizwa nini kimebadilika tangu uombe mara ya kwanza. Uwe na jibu.

Kurudia Agosti au Septemba kunavutia kwa sababu kunaleta hisia kwamba hujapoteza mwaka. Alama lakini zinachukua mwezi mmoja kutoka, na vyuo vingi huanza kusoma mafaili na kuita watu kwenye usaili kadiri yanavyoingia. Faili lako litakamilika Septemba au Oktoba, wenzako wakiwa wameshakaa vitini. Na alama zote zinaonekana, ya kwanza na ya pili. Unaruhusiwa mara tatu kwa mwaka mmoja wa mtihani, mara nne kwa miaka miwili inayofuatana, saba maisha yote, na hata ukibonyeza kuufuta mwisho wa siku kabla hujaona alama, umehesabiwa umeutumia. Kwa hiyo mimi ningejiuliza swali moja gumu: kati ya sasa na Agosti, ni kitu gani hasa kitakuwa tofauti? Kama ni zamu zilezile, meza ileile na saa inayosimama, sioni kwa nini usomaji upande.

Swali hilohilo linaufuata mwaka wa kungoja. Mwaka mmoja ni mzuri kwa mtu anayeugeuza kuwa mwaka mwingine. Kwa mtu anayeukesha wodini na kusoma jioni akiwa amekufa, ni miezi mingi zaidi ya uchovu uleule, na vyuo vingi havipokei alama zilizozidi miaka miwili au mitatu. Kuna faida pia: ungefanya Januari au Aprili, ungeomba mapema, na ungekuwa na muda wa kusoma kitu kisicho cha sayansi kila siku. Magazeti marefu, historia, uchambuzi wa sanaa, chochote cha kukuchosha kidogo. Usomaji haupandi kwa wiki mbili. Na kabla ya kulipa tena bei kamili, angalia mpango wa AAMC wa kuwapunguzia ada wenye kipato kidogo. Wenye ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa kuomba, wanaangalia kipato cha nyumbani. Uombe kabla ya kujiandikisha, hawarudishi ulicholipa.

Huyu wa Karibi, mwanangu, ananitia wasiwasi kwa sababu ya simu zake. Chuo kinachokuhitaji wewe kuliko unavyokihitaji, kiulize maswali. Wapo madaktari wazuri waliopitia visiwa hivyo, nisiwavunjie heshima. Lakini muulize wakala kwa maandishi: kati ya walioanza darasa moja, wangapi walimaliza kwa wakati? Wangapi walipata nafasi ya mafunzo ya utaalamu? Kwenye mgao wa nafasi hizo wa 2024, raia wa Marekani waliosomea nje walipata kwa kama asilimia 67, wakati waliokuwa wanamaliza MD ndani walipata kwa zaidi ya asilimia 93, na wa DO zaidi ya 92. Hiyo tofauti inalipwa kwa mkopo wa mtu. Na kama sehemu ya mvuto ni kuukimbia mtihani, huko utakutana na Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari, ambao nao ni wa siku nzima, kwa Kiingereza, mbele ya skrini.

Unesi sitausema sana. Ni kazi kamili, si kifuta machozi, na ungeutaka ungeniandikia barua ya unesi.

Nimebakiza mama. Umeniandikia kwamba umewadanganya watu. Mjomba alilipia kozi, na kozi uliisoma. Sidhani alinunua namba. Kwa mama ni tofauti kidogo, kwa sababu hapo kuna neno "bado" linalosemwa kila asubuhi, na hilo linakuumiza wewe kuliko yeye. Unaogopa presha yake, na hofu hiyo siichezei. Mjue tu mgonjwa wako: anameza dawa zake? Chagua siku ambayo hatoki zamu, ameshakula, mdogo wako hayupo. Lakini niruhusu niulize, huyu mama unayemwona atavunjika ni nani? Ni mwanamke aliyevuka bahari na watoto wawili, akaanza maisha upya, miaka kumi anawageuza watu vitandani na kuwafunga midomo wanapokufa. Habari mbaya amezipokea nyingi, na nyingine amezipeleka yeye kwa familia za watu. Inawezekana anayeogopa kuvunjika ni wewe, kwa kuona uso wake ukibadilika kidogo tu. Hiyo nayo ni hofu halali. Ila tusimsingizie yeye.

Kuna kishawishi kimoja nakutahadharisha nacho. Mtu asiyejua kipimo ukimwambia 503 kati ya 528 anaweza kupiga vigelegele na kuipeleka kwenye kundi la ukoo kabla hujamaliza sentensi. Utapata nafuu ya siku moja, halafu utakuwa na siri mpya.

Na kuna jambo la ndani ya nyumba ambalo barua yako imelipita. Karibu kila njia yenye matumaini inakutaka upunguze au uache zamu za usiku kwa muda. Hiyo ni pesa. Ni kodi ya nyumba, bima ya gari, ada ya mdogo wako, na magoti ya mama ambayo pengine yangelazimika kubeba saa za ziada. Huwezi kuamua hilo ukiwa chumbani peke yako na mlango umefungwa. Yeye ana haki ya kusema, "Miezi mitatu nitaweza," au aseme, "Sitaweza, tungoje Januari." Huenda uamuzi unaoutafuta kwangu uko kwenye mazungumzo hayo, na ndiyo maana umeshindwa kuupata: nusu ya hesabu anayo mtu ambaye hujamwambia.

Hilo jina la Dokta kwenye WhatsApp mwachie mama aamue mwenyewe alifanyeje. Yeye ndiye aliyelianzisha.

Ukishazungumza naye niandikie mmeonaje, hasa kuhusu zamu. Na kwa kuwa tarehe za Agosti na Septemba hujaa mapema, hata kama hujaamua kitu, ingia leo uangalie vituo vya karibu na kwenu vina nafasi gani. Kuangalia hakulipiwi.

Anti